Ulimi wa Dalali

Kitabu kipya cha mchezo wetu kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Mfamasia alikitoa kwenye mfuko wa karatasi wa dukani kwake, ule wa kutilia dawa, akakiweka katikati ya meza yangu ya kukatia nguo kwa mikono miwili, utafikiri analaza mtoto. Jalada gumu, picha za rangi, kurasa bado zinanatana kwa upya. Kile cha zamani, ambacho tulikitumia mpaka mgongo wake ukabanduka na mimi nikaushona kwa uzi wa viatu, kilikuwa pembeni chini ya mkasi. Hakuna aliyekitupia jicho. Nikajisemea moyoni, haya, tumeanza.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe si mgumu. Mnakaa mezani. Mmoja wenu ni Msimulizi. Yeye ndiye dunia yote: mvua, majambazi, mfalme, mbwa wa mfalme. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake ndani ya hadithi, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama utafaulu, unarusha dadu yenye pande ishirini, unajumlisha na uwezo ulioandikwa kwenye karatasi yako, na kitabu cha kanuni kinaamua. Basi sisi, watu wazima na akili zetu, kila Jumamosi mchana nikishafunga duka la ushonaji tulikaa chumba cha nyuma tukawa watu wengine. Majirani walidhani tunacheza kamari. Niliwaacha wadhani hivyo, maana kamari ni rahisi kueleza.

Wachezaji ni hawa. Msimulizi wetu ni Mfamasia, mtu mpole anayesoma maelekezo ya kila kitu, hata ya kiberiti. Fundi Friji anatengeneza majokofu, ana mikono mikubwa na moyo wa kifaranga, na mhusika wake ni Mpiganaji mwenye mapanga mawili. Wifi yangu, mke wa marehemu mdogo wangu, anakata vioo vya miwani kwenye karakana ya duka moja kubwa. Mezani yeye ni Mkunga, anayezalisha na kutibu. Mimi ni Bawabu. Kazi yangu ndani ya hadithi ni kulinda milango, na niliichagua mwenyewe, kwa sababu sijawahi kupenda watu waingie na kutoka bila kuulizwa wanakwenda wapi.

Na kulikuwa na Dalali. Huyo alikuwa wa mdogo wangu, ambaye tangu utotoni tulimwita Chiriku kwa kuwa hakujua kufunga mdomo. Sisi tulipogawa alama zetu kwenye nguvu, afya na shabaha, yeye alizimwaga zote kwenye Ulimi. Ulimi ni uwezo wa kushawishi, na kwa kanuni za zamani ulikuwa hatari kuliko panga: ukirusha dadu ukamshinda mtu, hata kama ni mhusika wa mchezaji mwenzako mliyekaa naye meza moja, anafanya ulichomwambia, apende asipende. Chiriku aliutumia kwa utani. Alimshawishi Mpiganaji ampe punda viatu vyake. Alimshawishi Bawabu wangu alale usingizi mlango ukiwa wazi. Na alimposa Mkunga mezani mwezi uleule aliokuwa akimposa mwenyewe mtaani; akarusha dadu, ikasimama kwenye tatu, na Mkunga akasema ndiyo hivyo hivyo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Walioana kweli mwaka huo, wakaja kukaa kwangu, kwenye chumba kinachotazama uani.

Figo ndizo zilizomwondoa. Mambo ya hospitali sitaki kuyaeleza. Aliyewahi kuuguza anayajua, na ambaye hajauguza aendelee kushukuru.

Tulipokutana tena baada ya msiba, hakuna aliyejua afanye nini. Wahusika wetu huwa ni vifungo vya nguo juu ya ramani niliyoichora kwa chaki ya fundi, na kifungo cha Dalali, cha koti, cha shaba, kilikuwa palepale tulipokiacha kando ya kisima. Mfamasia alikikodolea macho. Fundi Friji alianza kulia kimya kimya. Sasa, mezani kwetu tuna desturi ambayo haimo katika kitabu chochote: mtu akikosekana, aliyekaa kushoto kwake anambeba mhusika wake siku hiyo, anamsemea na kumrushia dadu. Fundi Friji akiitwa ghafla kwenye bucha iliyozimikiwa jokofu, Wifi ndiye anayepigana kwa mapanga yake. Aliyekaa kushoto kwa Chiriku siku zote nilikuwa mimi. Nikakohoa, nikasema kwa sauti yake ile ya puani, "Jamani, mbona kimya hivi, kuna aliyekufa?"

Wifi alicheka mpaka akajishika tumbo, kisha akalia, kisha akacheka tena. Tangu siku hiyo nikambeba Dalali, na hakuna aliyeniambia nimtue.

Nilimbeba vizuri, na kwa hilo sitaki mtu anibishie. Nilijua vichekesho vyake, nilijua anavyoanza kila jambo kwa "sikiliza basi", nilijua anavyokubali kosa kwa kulisifia kwanza. Mkunga akiwa na jambo zito alimwendea Dalali kando ya moto wa kambi wakaongea, na mezani mimi na Wifi tulitazamana tukijua hayo ni maongezi ya nani. Nyumbani hatukumtaja sana. Tulikula, tukaosha vyombo, kila mtu akaingia chumbani kwake. Siku yake ya kurudi ilikuwa Jumamosi, na mimi wiki nzima niliishi nikiingoja.

Mwaka jana duka la miwani lilifungua tawi katika mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, wakamtaka Wifi akasimamie karakana ya huko. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu Jumamosi ile Mkunga alisema anafikiria kufuatana na msafara unaovuka milima, maana upande wa pili hakuna wakunga na wanawake wanateseka. Mimi si mjinga. Nikamleta Dalali kando ya moto, akamwambia Mkunga kwamba milima haina shukrani, na kwamba mtu haachi watu wake akaenda kuwazalisha wasiomjua. Nikarusha dadu, nikajumlisha Ulimi wote ule, na Mkunga akabaki. Jumatatu Wifi akaikataa kazi. Mimi sikumwambia aikatae. Dalali ndiye aliyemwambia Mkunga, na Mkunga alishindwa kihalali, mbele ya mashahidi.

Ndiyo maana kitabu kile kipya nilikitazama kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote. Mfamasia akatueleza kwamba toleo la zamani lilikuwa na kasoro, kwamba wachezaji wengi wamelalamika na wenye mchezo wamelirekebisha, na kwamba tutalihamia taratibu, kila Jumamosi sura moja. Nikamuuliza hapa mezani nani amelalamika. Akapangusa miwani yake, akasema ni vizuri kwenda na wakati. Nikamwambia wakati uende wenyewe, njia unaijua.

Tukahama. Sura ya kwanza ilimnyang'anya Fundi Friji panga moja: sasa ukiwa na mawili unapiga mara moja tu, na la pili linahesabiwa kuwa ngao. Alihuzunika kikweli, mtu mzima yule, akalifuta panga lake kwa kifutio polepole. Sura ya pili ilifuta afya ikaleta kitu kinaitwa Pumzi, ambacho kinapungua kila unapojaribu jambo kubwa, na kikiisha unakaa chini uwatazame wenzako. Sura ya tatu ilinifikia mimi. Kulinda Milango hakupo tena. Kumeunganishwa na Uangalifu, na Uangalifu kila mtu anaweza kuwa nao, hata Mkunga, hata mbwa wa mfalme. Yaani nimesimama malangoni miaka yote ile, nimepigwa mishale, leo naambiwa ile haikuwa kazi, ilikuwa ni kuwa macho tu.

Tulikosea sana. Fundi Friji alitangaza pigo la pili kwa mazoea, kisha akaushusha mkono kwa aibu. Mimi nilijumlisha kwenye dadu vitu ambavyo havikuwepo tena duniani. Kila mara Mfamasia aliturudi taratibu, "Hiyo ni ya zamani, Dada," kwa sauti anayotumia kumwambia mgonjwa kwamba amemeza kidonge cha mwenzake. Karatasi zetu zilifutwa na kuandikwa mpaka zikatoboka. Aliyekuwa hakosei ni Wifi peke yake. Alijua Pumzi inavyohesabiwa, alijua mambo ya sura ambazo bado hatujazisoma, na Mfamasia akisahau yeye ndiye aliyemkumbusha. Nikadhani ni kwa sababu ya kazi yake, kwamba mtu anayekata vioo amezoea vipimo.

Kisha ikaja sura ya Ulimi. Mfamasia aliisoma bila kuinua macho. Dadu ya Ulimi inabaki kwa watu wa Msimulizi, yaani wauzaji, walinzi, wafalme na wengineo. Kwa mhusika wa mchezaji mwenzako hairushwi tena, labda mwenyewe akubali irushwe. Unaweza kumwambia lolote utakalo, lakini kuamua ni kwake, na neno lake ndilo la mwisho.

Nilimpa Mfamasia vidonge vyake siku hiyo. Nikamuuliza Dalali sasa ni nani, ikiwa kitu kimoja alichojaliwa duniani amepokonywa. Nikamuuliza kama angethubutu kusoma sura hiyo Chiriku akiwa amekaa pale. Nikaomba kanuni moja tu ya zamani ibaki, moja, kwa heshima ya marehemu. Fundi Friji akaitikia kwa kichwa haraka haraka. Nadhani aliona na panga lake linarudi. Lakini mezani kwetu kanuni ya nyumbani haipiti mpaka wote wakubali, na Mfamasia akamgeukia Wifi.

"Kanuni mpya zote," Wifi akasema. "Ama zote, ama tusicheze."

Alisema hivyo huku anakunja karatasi yake, bila kunitazama. Maneno yalinijaa mdomoni lakini sikutaka kumpa mtu mwingine sababu ya kunionea huruma.

Wengine walipotoka, Fundi Friji alibaki kunisaidia kurudisha viti dukani. Akaniambia nisimkasirikie Mfamasia, kwamba yeye binafsi hakutaka kuhama kabisa, alikipenda kitabu cha zamani. "Si Wifi yako ndiye aliyemwomba?" akasema. "Alisoma habari za toleo jipya kwenye simu yake, akamwendea dukani. Mimi nilijua unajua." Nikamjibu kwamba ndiyo, nilijua. Alipoondoka nilikaa kwenye stuli ya cherehani na kiti mkononi.

Kuna mwanamume, nikajisemea, ndiyo maana anataka Dalali afungwe mdomo. Na ningefurahi angekuwa mwanamume, kwa sababu mwanamume ningejua nimwanzie wapi. Wiki ile nilimchunguza Wifi bila kujificha sana. Alirudi saa zake za kawaida, vidole vimekunjamana kwa maji ya mashine ya kusagia vioo. Simu aliiweka mezani kifudifudi? Hapana, aliiweka uso juu, na ikilia ni namba za kazini. Hakuna harufu mpya, hakuna nguo mpya, na nguo zake zote nazijua kwa kuwa nimezishona mimi.

Siku mbili kabla ya Jumamosi tulikuwa tunaosha vyombo. Akasema yule waliyempeleka kwenye lile tawi ameacha kazi, na sasa wanamtaka tena yeye, aanze mwisho wa mwezi. Alipewa mpaka Jumatatu ajibu. Alisema hayo yote akiwa ameshika sahani moja, anaipangusa na imeshakauka.

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mimi na yeye tu, jikoni, maji yanachuruzika. Lakini mimi kama mimi sina maneno mazuri. Nina amri na nina lawama, na zote mbili anazifahamu. Nikamwambia, "Tutaongea Jumamosi."

Akaiweka sahani kabatini. "Sawa, wifi," akasema. "Jumamosi."

Nitasema wazi nilichokuwa nakiogopa, ili nisidhaniwe nilipigania kitabu. Mfamasia na Fundi Friji walimpenda mdogo wangu, lakini Dalali hakuwa akirudi kwa ajili yao. Alirudi kuongea na mke wake. Mke akiondoka, Dalali ataongea na nani? Na mimi nitakaa kwenye nyumba ile na chumba kinachotazama uani kimefungwa, na Jumamosi itakuwa siku kama Jumanne. Mara ya kwanza tulimzika tukiwa wawili. Mara ya pili ningemzika peke yangu, na sikuwa tayari. Nilikusudia kumzuia.

Nilimtungia Dalali maneno yake nikiwa kazini. Nilikuwa nashona sare za shule, na kwenye shati moja nikapachika mkono wa kulia kushoto, jambo ambalo halijanitokea tangu niwe mwanafunzi wa ushonaji. Nikafumua, nikaanza upya. Maneno niliyaweka sawasawa kichwani, nikayajaribu kwa sauti ya puani cherehani ikinguruma ili wateja wasisikie.

Jumamosi ikafika. Mfamasia akatufikisha kwenye bonde lenye daraja la kamba, na ng'ambo yake mji mdogo wenye moshi unaopanda kwenye mapaa. Akasema mji ule unamhitaji mkunga. Nikamtazama, akajifanya anatafuta ukurasa. Walikuwa wamekula njama, yeye na Wifi, daraja lile halikuota lenyewe.

"Mkunga anavuka," Wifi akasema. "Anavuka peke yake."

Fundi Friji akauliza Mpiganaji afanye nini. Mimi nikavuta kiti, nikamsimamisha Dalali mbele ya daraja.

"Sikiliza basi, mke wangu," Dalali akasema. "Mimi si mtu wa kumzuia mtu. Mimi nauza tu, asiyetaka hanunui. Lakini nani atacheka vichekesho vyangu? Hawa wawili wanacheka kwa adabu, na dada yangu Bawabu, unamjua, anacheka mara moja kwa mwaka, tena akiwa amelala. Ukivuka hapo nitabaki upande huu naongea na kuni. Unajua mimi nikikosa wa kuongea naye nakuwaje. Sina kazi nyingine duniani."

Nilimpata. Alikuwa ni yeye kabisa, sauti, pumzi, hata kale kakikohozi ka kabla ya sentensi ya mwisho. Fundi Friji akajifuta pua kwa mkono wa shati. Macho ya Wifi yalijaa, na mimi nikaona kabisa kwamba anataka kubaki, kwamba imebaki kidogo tu, kijisukumo. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Ulikuwa mkono wa miaka, ulijua kwamba baada ya maneno hufuata dadu. Nikarusha.

Dadu ilibiringika juu ya chaki, ikagonga mkasi, ikarudi, ikasimama. Ishirini. Tangu nianze kumbeba Dalali sikuwahi kumpatia ishirini. Katika kitabu cha zamani, ishirini ya Ulimi ilikuwa haina mpinzani. Mfalme angevua taji, bahari ingerudi nyuma. Nikasikia mwenyewe nikisema, "Ishirini," kwa sauti yangu, si ya puani, na nilifurahi. Nilifurahi kwa muda mfupi mno, kisha nikaona nyuso zao.

Mfamasia hakusema kwamba hiyo ni ya zamani. Alikuwa anatazama mikono yake. Fundi Friji alinitazama kwa huruma, na nikatamani nimpige. Wifi alikuwa anaiangalia dadu. Machozi yaliyokuwa yanataka kutoka yakarudi.

"Wifi, mimi sijakubali," akasema.

Nikamwambia Mfamasia aandike ishirini. Hakugusa kalamu. Nikamwambia tena. Wifi akanyoosha kidole kimoja, akakisukuma kifungo chake juu ya mistari ya chaki, kamba moja baada ya nyingine, mpaka ng'ambo. Hakikuwa na haraka. Kilipofika akaukunja mkono wake mapajani.

Msimulizi ana wajibu wake hata watu wakiwa wanaumia. Mfamasia akaniuliza Dalali anafanya nini.

Nilijua anachofanya. Nilimlea mimi yule, nilijua neno kwa neno. Angeweka mikono mdomoni, angepiga kelele kuvuka bonde zima: kwamba huko aendako awaambie ana mume tajiri aliyebaki kuhesabu ng'ombe, kwamba asikubali kulipwa kuku aliyekonda, kwamba akichoka arudi, na asipochoka ni vizuri zaidi. Kisha angepunga mkono mpaka watu wamwonee aibu. Yote hayo yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nikayameza.

"Dalali hana la kusema," nikasema.

Hapo Wifi akanigeukia mimi, si kile kifungo cha shaba.

"Mume wangu hakukosa la kusema hata siku moja," akasema. "Hata siku ile ya mwisho, pale kitandani, alikuwa anamtania nesi. Wewe ulikuwepo. Mimi nilimzika, wifi. Nilimzika siku ileile tuliyomzika. Jumamosi zote hizi nilikuwa naja kwa ajili yako."

Nikamuuliza, na ile kazi ya mwaka jana.

"Na ile pia. Niliona dadu ilivyoanguka, nikaona ulivyonitazama. Nikasema basi, nibaki, asiwe peke yake. Nimebaki mwaka mzima. Mwaka mwingine siwezi, na ndani ya kitabu kile cha zamani sikuwa na pa kukwambia hapana."

Ningependa kueleza kwamba nililia, au kwamba nilimkumbatia. Niliona aibu, na kwangu mimi aibu hugeuka hasira kabla haijafika usoni. Nikamwambia hakuna aliyemwomba huruma yake. Akasema anajua. Nikamwambia angeweza kunieleza jikoni, si mbele za watu. Akasema jikoni nilimwambia tutaongea Jumamosi, na leo ni Jumamosi. Mfamasia, ambaye hana roho ngumu, akamuuliza Fundi Friji kuhusu zamu yake. Fundi Friji akasema Mpiganaji anakaa chini kupumzika.

Tulimaliza mapema. Jumatatu Wifi akawapa jibu kazini kwake, na safari hii hakunificha. Alinieleza mezani tukila, nami nikasema nimesikia. Nyumba ile ikawa na heshima kubwa. Tulipishana koridoni kwa hodi na samahani, tukaulizana kama kuna mtu anataka maji.

Siku ya kuondoka alikuja dukani na begi lake kubwa, zipu imeachia meno. Akaliweka juu ya meza ya kukatia nguo, akaniomba kama nina nafasi. Nikafumua zipu ile, nikaweka mpya, nikapitisha mshono mara mbili kwa sababu hasira yangu haijawahi kuharibu kazi. Nikafungua na kufunga mbele yake aone inavyoteleza. Akasema asante, wifi. Akalibeba mpaka mlangoni, akalitua, akageuka, akasimama pale akingoja niseme neno. Neno nilikuwa nalo, lile nililolimeza siku ya daraja, lakini nilikuwa nimeshavuta sare iliyofuata, na nikakanyaga cherehani.